Samaki Wasiopenda Kuganda

Mama mkwe wangu alizungumza na friji zaidi ya alivyozungumza nami. Sitanii. Tukiwa safarini, akitaka tusimame, aliiambia friji, "Hapa pana kivuli, sijui kama watu wanakiona." Akisikia joto aliiambia, "Wewe una raha yako, wenzio tunaungua." Nami nilijibu papo hapo, macho barabarani, nikisema na friji hiyo hiyo: "Tukipita Mariakani tutafungua dirisha." Mtu asiyetujua angedhani gari limebeba wendawazimu wawili.

Ni heri nieleze mapema, maana rafiki zangu wa bara wakisikia haya hucheka mpaka wakashika mbavu. Kwetu sisi Wagiriama, wale wa zamani kidogo, mwanamume na mama mzaa mkewe huoneana haya. Si ugomvi, ni heshima, lakini ni heshima inayochosha. Hampeani mikono. Hamkai kiti kimoja. Hamtazamani usoni. Mambo ya mwili, ugonjwa, choo, nguo, hayatajwi kati yenu. Na kubwa kuliko yote, hamli mkionana. Vijana wa hapa Muyeye, Malindi, ninapokaa wanakula sinia moja na wakwe zao, na sijasikia aliyekufa. Ila mimi nililelewa na bibi, na mama mkwe alikuwa mtu wa Kaloleni ya ndani, na hakuna kati yetu aliyejua pa kuanzia kuyaacha.

Sasa mtu kama huyo, Mungu akampa ugonjwa wa sukari. Na akampa binti mwingine, dada wa mke wangu, akaolewa Nakuru. Kila shule zikifungwa alitaka kwenda kuwaona wajukuu na kukaa huko wiki na wiki, na dawa yake ya sindano haitaki joto. Safari moja alipanda basi, dawa ameitia kwenye flaski yenye barafu. Barafu ikayeyuka kabla ya Nairobi, dawa ikaharibika, naye akajidunga hiyo hiyo iliyoharibika mpaka akalazwa Nakuru hajitambui. Aliporudi mke wangu akaniambia, "Mama utampeleka wewe, na ile friji yako. Na usimwonyeshe kwamba nimekwambia habari ya dawa. Sema friji ni ya samaki."

Basi ikawa hivyo. Yeye alijua dawa imo. Mimi nilijua imo. Na sote wawili, miaka nenda miaka rudi, tulishughulikia samaki.

Friji yenyewe niliipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Malindi arudi kwao. Mimi ni mtunza stoo hotelini, na wageni wakiondoka sisi ndio wa kwanza kujua. Ni sanduku la kijivu, lina vishikio viwili, waya wa kuchomeka garini na mwingine wa kuchomeka nyumbani, na kioo kidogo kinachoonyesha digrii. Watu huniuliza nafanyaje ikafika Nakuru baridi ilhali za kwao zinafika vuguvugu. Huwajibu kama fundi, mkono kiunoni. Siwaambii kwamba yote hayo nimejifunza kwa woga.

Jambo la kwanza wasilolijua ni kwamba gari halileti baridi, linaitunza tu. Friji lazima ichomekwe ukutani nyumbani siku moja kabla, na kila kinachoingia kiwe kimekwisha kupoa. Samaki, changu na tafi, niliwanunua sokoni, nikawagandisha kwanza. Mwanya wowote uliobaki niliujaza chupa za maji yaliyoganda, kwa sababu nafasi tupu hujaa joto kila unapofungua kifuniko. Yote haya niliyafanya Malindi kwa utulivu. Kisha nilifika Kaloleni, na mama mkwe alikuwa ananisubiri mlangoni na madafu yaliyotoka juani, maembe, na mahamri ya moto yamefungwa kwenye kitambaa, vyote viingie humo humo.

Ningemkatazaje mama mkwe? Niliinamia friji nikaiambia, "Pole ndugu yangu. Wewe una tumbo bovu, ukila vya moto utatapika mpaka Voi." Nikasikia kicheko nyuma yangu, kidogo, kimezibwa na leso. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nimwoe mwanawe. Mahamri yakapanda kapuni, madafu yakarudi ndani ya nyumba, nami nikaendesha mpaka Mariakani nimejaa furaha kama nimepewa cheo.

Dawa aliitia mwenyewe. Wakati huo ukifika alisema, "Kule nyuma kuna kuku, sijui kama watu wamewaona." Nilikwenda nikawatazama kuku. Nawajua kuku wale wote. Nikirudi kifuniko kimefungwa na yeye amesimama mbali, anaangalia minazi.

Ila kuna safari moja niliinua kifuniko kupanga chupa zangu nikaona kona ya mfuko wa dawa. Alikuwa ameuficha chini kabisa, umebanwa kwenye ukuta wa friji, nisiuone. Na pale chini ukutani ndipo panapoganda kuliko kwingine kote. Dawa ile ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Mke wangu alikuwa amenieleza. Nilifunga kifuniko. Nikazunguka gari nzima nikitafuta maneno. Mwishowe nikaiambia friji kwa sauti, "Huku chini ukutani hugandisha vibaya. Samaki wanaopenda kuganda wakae chini. Wasiopenda wakae juu, katikati, mbali na ukuta."

Nikaona kivuli chake kimesimama ardhini bila kutikisika.

"Wapo samaki wasiopenda kuganda," akasema.

"Wapo wengi, Mama."

"Hao wanataka ngapi?"

"Digrii nne. Nitaiweka nne, na itabaki nne mpaka Nakuru."

"Basi nenda kawaangalie kuku," akasema, na niliporudi mfuko ulikuwa umepanda juu. Sijawahi kuzungumza na mtu yeyote jambo zito namna ile. Tukalizungumza hivyo, kwa lugha ya samaki.

Kwa desturi tusingesafiri wawili, yeye na mimi. Safari za mwanzo mke wangu alikuja nasi. Kisha akapata duka lake pale sokoni Malindi, na duka halifungwi kila mara. Mama mkwe alitatua jambo hilo mwenyewe. Alikaa kiti cha nyuma, nyuma yangu hasa, na friji ikakaa kando yake, imefungwa mkanda kama abiria. Akawaambia wenzake wa kanisani, "Hatukuwa wawili garini." Mimi nami nilikigeuza kile kioo cha ndani kikatazama dari, ili nisimwone. Nimeendesha kutoka Kaloleni mpaka Nakuru mara nyingi bila kujua malori yanayonifuata yako umbali gani, na sikuona ajabu.

Friji ile aliipenda akaipenda mpaka akaidhuru. Aliifunika leso isipate vumbi, leso mbili wakati mwingine, na juu yake mkoba. Lakini friji inatoa joto ubavuni, pale penye feni, na ukipaziba inahangaika, inanguruma, inakula betri na baridi haipatikani. Niliisikia feni ikilia tangu Samburu. Nikasema, "Huyu naye ni mtu mzima, akifunikwa gubigubi atakosa pumzi." Leso ikatoka ubavuni. Alipotoka nje baadaye niliona ameitundika dirishani upande wa jua, na hapo ndipo ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Tangu siku hiyo leso ilikuwa dirishani kila safari bila mimi kusema.

Ukimwona hivyo ungedhani ni mtu wa kujikunyata. Wala. Haya zake zilikuwa kwangu tu. Kwa wengine alikuwa moto. Siku moja askari wa barabarani alitusimamisha akataka sanduku lifunguliwe. Mama mkwe akashusha dirisha. "Wewe ni mtoto wa nani?" Askari akasema yuko kazini. "Nimekuuliza wewe ni mtoto wa nani, sikukuuliza uko wapi." Akamhoji kwao wapi, mamake yu hai, mara ya mwisho kumpigia simu lini, mpaka kijana wa watu akasema shikamoo. Ndipo akamwamuru, "Haya, fungua uone samaki." Askari akafungua, na kizibo cha chupa kikaruka kikapiga dari. Kumbe chini ya samaki alikuwa ametia chupa ya pombe ya mnazi, imefungwa kwa nguvu, na mnazi hauachi kuchachuka hata ukiwa baridi. Gari zima likanuka kilabu.

Huyo ni kiongozi wa akina mama kanisani, naambiwa hata harusi yenye mnazi haikanyagi. Askari akauliza ni ya nani. Mama mkwe akatazama nje. "Ya mkwe," akasema.

Askari akanitazama. Mimi sinywi pombe, sijawahi. Nikasema, "Ndiyo afande, ni yangu." Nikahubiriwa pale habari ya kuendesha gari na kunywa, nikainamisha kichwa kama mlevi. Tuliondoka, tukapita daraja. Kisha nikamsikia akiiambia friji, "Mimi nina wakwe wawili. Sikusema yupi."

Yule mwingine ndiye mwenye mnazi, mwenzangu wa Nakuru, mume wa shemeji yangu. Mtu wa bara, mwema, ana sauti kubwa. Tukifika alikuja mbio mlangoni, "Mum! Karibu Mum!", akamkumbatia mama mkwe akamnyanyua miguu ikaacha chini. Alimshika mkono akamwingiza ndani. Walikula meza moja, akamchagulia kipande cha nyama, akamuuliza mbele ya watu sukari iko ngapi leo. Na mama mkwe alicheka. Alicheka bila leso. Mimi nilikuwa nje, natoa friji, naipangusa, naiacha kifuniko wazi ikauke isije ikanuka, kisha naisugua kwa ndimu. Kazi ya dakika chache niliifanya mpaka chakula kikaisha. Nilisikia kicheko kile kupitia dirishani na nikaona wivu, na nikaona haya kwa ule wivu. Mimi ndiye niliyemheshimu zaidi, na heshima hiyo ilinipa mimi friji, na mwenzangu asiyeijua akapata mama.

Mara moja mama mkwe alinifanyia jambo ambalo mkwe hafanyiwi. Tulipumzika Voi kwenye kituo cha mafuta, injini nimezima, friji inaendelea. Sikujua bado kwamba ina swichi ya kuizuia isinywe betri ya gari mpaka ikaikausha. Nilipotaka kuondoka gari likakohoa tu. Wakaja vijana wa kituo kusukuma, na gari halikutaka kusogea. Kisha nikasikia viatu vikivuliwa. Nikasikia sauti yake kule nyuma: "Sukumeni nyinyi, au leo hamkula?" Sikutakiwa kumwona, na kwa kuwa nilikuwa usukanini sikumwona, lakini gari lilipokwenda nilijua mikono ya nani imelisogeza. Alipoingia alikuwa akihema. Akaiambia friji, "Mlafi wewe." Mimi nilikaa hapo nimelowa haya mpaka masikioni, na tangu siku ile swichi ile huwa naiangalia kabla ya kuangalia mafuta.

Tulikuwa na utaratibu wetu na ulifanya kazi. Utaratibu wa chakula ulikuwa huu: kituoni alichukua mkoba akaenda chooni, na mimi nilijua anakwenda kujidunga. Akirudi mimi niliiambia hewa, "Ngoja niangalie tairi." Nilitokomea. Nilizunguka, nikazungumza na madereva, nikanunua gazeti. Yeye alifungua friji, akala viazi vitamu na samaki aliyefungiwa na mwanawe. Nikirudi nilikohoa kutoka mbali. Ukijidunga dawa ile lazima ule, usipokula sukari inashuka mpaka mtu anazimia, au zaidi ya kuzimia. Mke wangu aliniambia hilo kabla ya kila safari, na kila safari nilimjibu kwamba nimesikia.

Siku utaratibu huo uliponishinda ilikuwa ya joto kali. Pale Voi mama mkwe alikwenda chooni na mkoba wake. Nikatupa jicho kwenye friji nikaona taa nyekundu inawaka na kuzima, na digrii zinapanda: sita, saba, nane. Nikaingiwa na wazimu. Nilipiga magoti kwenye mlango wa nyuma, nikachomoa, nikachomeka, nikapanguza tundu, nikagundua fyuzi imeungua, nikaitafuta nyingine, ikanidondoka chini ya kiti. Yeye alikwisha kurudi. Alisimama juani na mkoba mkononi, anasubiri niondoke ale. Nilimwona kwa pembeni. Sikuelewa. Kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja, dawa ya mama isipate joto. Friji ilipowaka nilikifunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, nikaukaza sana, kisifunguke mpaka baridi irudi. Nikasema, "Twende Mama, tusiipe joto."

Akaingia. Angesemaje? Angesema nina njaa? Angesema nimejidunga? Kwake yeye maneno hayo hayakuwepo, sio kwa mkwe.

Mbele ya Voi, karibu na Manyani, lori lilikuwa limelala katikati ya barabara, na magari yamepangana mpaka usipoona mwisho. Tukasimama. Niliacha injini ikinguruma kwa ajili ya friji, nikawa nageuka nusu kutazama kile kioo cha digrii. Saba. Sita. Nilifurahi, nakiri, nilikuwa najipongeza. Kisha mama mkwe akasema, taratibu, "Hapa tutakaa sana?", na ndipo nikakumbuka. Hakula. Voi hakula.

Hata hapo sikusema kula. Nilisema, "Ngoja nikaangalie hilo lori." Nikaenda mbali makusudi, nikasimama na madereva, nikasikiliza hadithi zao bila kusikia hata moja, nikakadiria kwamba sasa ameshamaliza. Nikarudi. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

Alikuwa ameegemea friji, vidole vimo kwenye mpira wa baiskeli, hakuweza kuufungua. Leso ya kichwa ilikuwa imeanguka. Jasho linamtiririka kama amemwagiwa maji, na midomo inatetemeka. Aliponiona alinitazama moja kwa moja usoni, mara ya kwanza katika miaka yote, akasema kama mtoto mdogo, "Hii yako imekataa."

Nikasimama. Mkono umeshika mlango na nimesimama, kwa sababu kichwa chake kilikuwa wazi na mimi ni mkwe wake. Sijui ni kitambo gani. Mtu anakufa mbele yangu na mimi naona haya nywele zake. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, si jasho, si midomo. Nalionea haya mpaka leo kuliko jambo lolote la maisha yangu.

Kisha nikaukata mpira kwa meno. Frijini mlikuwa na soda za machungwa za wajukuu. Nikaingia nyuma, nikakiweka kichwa chake mkononi mwangu, nikamnywesha. Ilimmwagikia kifuani, nikampangusa kwa shati langu. Mama mmoja aliyekuwa dirishani kwenye basi la kando akaniambia, "Mnyweshe mamako polepole, usimpalie."

"Si mamangu," nikasema. "Ni mkwe wangu."

Yule mama akaweka mkono mdomoni. Alikuwa wa kwetu, alielewa. Akashuka basini bila kuulizwa, akaingia garini, akamfunika kichwa, akamshika yeye, na akaniambia kwa upole nitoke. Nilitoka nikasimama juani na shati limelowa soda.

Baadaye kidogo fahamu zikamrudi, akala, yule mama akarudi basini kwake. Mimi nilikaa usukanini. Nilitegemea aiambie friji kitu, chochote. Akauliza, na hakuiuliza friji, "Dawa zimepona?"

Hakutaja samaki. Nikamjibu, "Zimepona, Mama. Digrii tano." Tukaendelea mpaka Nakuru. Pale mwenzangu alipopewa habari alinijia nje nilipokuwa naisugua friji, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Lakini kwa nini hukumwambia tu, Mum, kula?" Nilimtazama. Katika nyumba ile jibu lolote lingeonekana ujinga, nikaendelea kusugua.

Mama mkwe hakupanda gari langu tena. Likizo ile alirudi kwa basi, akisindikizwa na binti yake wa Nakuru. Likizo iliyofuata nilipopeleka habari kwamba friji iko tayari, akajibu kupitia mke wangu, "Mwambie mwenzio apumzike. Nina mafua, siendi." Kila ugonjwa wake aliuita mafua. Kaloleni stima zilikuwa zikikatika, dawa ikawa inakaa kwenye mtungi wa maji, siku nyingine inafaa, siku nyingine haifai. Mafua yakashuka mguuni. Kidonda kidogo, cha kiatu, akakificha ndani ya soksi mpaka kikanuka, na hospitali wakamkata vidole viwili.

Mke wangu hakunifokea. Alikaa mezani, akaondoa sahani yake, akasema, "Nyinyi wawili mtaniulia mamangu kwa adabu zenu." Kisha akaniambia friji iende Kaloleni ikae huko huko, na betri yake na sola, na niipeleke mimi, sio mtu mwingine.

Nilikwenda Jumamosi, mchana. Nilipiga hodi nikasimama nyuma ya mlango kama desturi. "Karibu," akasema. Nikaingiza friji kinyumenyume, ili niwe nimempa mgongo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mguu uliofungwa bendeji juu ya kigoda, na mwili umepungua, nguo zimemzidi. Nilimwona kwa sehemu ndogo ndogo hivyo, nikipita. Nikaifunga betri, nikaichomeka, nikaisikia ikianza kunguruma. Nilipogeuka nikaona mezani bomba la sindano limekwisha kutumika, na kando yake sahani ya sima na mchicha imefunikwa kawa. Alikuwa amekwisha kujidunga. Mimi ndiye niliyekuwa kati yake na chakula.

"Ngoja niangalie tairi," nikasema.

"Tairi zako hazina kitu," akasema. "Kaa."

Hakuna aliyeambiwa ila mimi. Friji ilikuwa nyuma yake na hakuigeukia. Nikakaa ukingoni mwa kiti kilichokuwa mbali zaidi. Nikamsikia akifunua kawa, akinawa, akimega. Nilisikia kucha zikigonga sahani. Niliyakaza macho kwenye sakafu, nikahesabu nyufa za saruji, masikio yananiwaka. Nilitamani ardhi inimeze. Akamega tena, akasita.

"Nitazame," akasema. "Ukitazama chini utajuaje kama nimekula?"

Nikainua macho. Alikuwa na mchicha kidevuni, na machozi, na alikuwa akiona haya kama mimi, labda zaidi. Hakujifuta. Akafungua mdomo, akala.